Klachi Iliyoganda Haitaki Nyundo

Kuna hukumu moja imezoeleka katika gereji za Tabora, kuanzia zile za jirani na stesheni hadi vibanda vya chini ya miembe kwenye njia ya kwenda Kwihara, na imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji: klachi ikiganda, dawa yake ni nguvu. Gari limesimama miaka, kutu imekamata, giaboksi haitaki kuachana na injini. Basi lete mtaimbo, lete nyundo kubwa, ita vijana wawili wenye vifua. Anayesema tusubiri kidogo huonekana mwoga, au hajui kazi, au anatafuta kuongeza siku ili aongeze bei. Naipinga hukumu hiyo, naipinga yote, kwa sababu inaua magari ambayo hakuna kiwanda kitakachoyaunda tena, na kwa sababu wanaoitetea wanaiita uzoefu.

Gari linalonisukuma kuandika ni Datsun 240Z iliyosimama uani kwa mtu Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, si mbali na tembe la kumbukumbu ambalo watalii huja kulitazama kwa sababu ya Livingstone na Stanley. Milango miwili, bonati ndefu, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,393. Vijana wakilitazama wanaona chuma chakavu. Wazee wanaona jambo lingine. Mwaka 1971 gari la aina hii, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki, na nafasi ya pili ikachukuliwa na gari jingine la aina ileile. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hiyo mikononi mwa Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope letu wenyewe. Kwa hiyo Datsun 240Z si gari la Wajapani peke yao. Sehemu ya jina lake ilipatikana katika barabara zetu, na kila moja inayovunjwa gereji inapunguza kumbukumbu ambayo tuna haki nayo.

Nianze na hoja yao iliyo na uzito, maana ipo. Mafundi wengi wa hapa wamejifunza klachi kwenye malori na Hiace. Magari madogo yanayoingia nchini siku hizi mengi ni otomatiki, hivyo kijana anaweza kukaa gereji muda mrefu bila kuona klachi ya gari dogo, lakini ya Fuso ataiona mara kwa mara. Fuso linafanya kazi kila siku. Klachi yake hufunguliwa kwa sababu imelika, si kwa sababu imeganda, na vyuma vyake ni vinene, vimeundwa kubeba tani. Ukikipiga kimoja kikapasuka, spea iko dukani, na isipokuwepo Tabora basi la usiku litaileta kutoka Dar es Salaam. Katika mazingira hayo nyundo haikuleta hasara kubwa, na fundi akatoka na somo kwamba nyundo inafaa. Somo hilo si la uongo kwa lori. Kosa ni kulihamishia kwenye gari la michezo la zaidi ya miaka hamsini, lenye nyumba ya klachi ya alumini, ambalo utengenezaji wake ulikoma mwaka 1973.

Sasa tuingie ndani ya chuma chenyewe, kwa sababu ubishi huu hautamalizwa kwa methali. Kutu si gundi. Kutu ni chuma kilichochanganyika na hewa na unyevu, na inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, unyevu ukaingia ndani ya nyumba ya klachi, kisha kiangazi kirefu kikakausha. Mwaka wa pili vivyo hivyo, wa tatu vivyo hivyo. Kila msimu kutu inaongezeka katika nafasi ileile finyu, kati ya meno ya shafti ya giaboksi na meno ya kitovu cha disiki. Hapo ndipo vyuma viwili vilivyoundwa ili viteleze vinapobanana. Ukivuta kwa nguvu moja kwa moja, hasa ukivuta upande mmoja zaidi ya mwingine, unakipinda kitovu juu ya shafti na kukibana zaidi. Nguvu uliyoongeza imegeuka kuwa msaada kwa kutu. Fundi akiona haitoki anaongeza tena, na hapo kitu kitakachotangulia kuachia si kutu. Ni sikio la alumini la nyumba ya klachi, au ncha ya shafti inayokaa ndani ya bushi ya pailoti kwenye kranki.

Tena, kabla ya kuilaumu kutu, nauliza swali ambalo wenye nyundo hawapendi kuulizwa: boliti zote zimetoka? Mara nyingi gari linalosemwa limeganda limeshikwa na boliti moja tu, ile ya juu kabisa, iliyofunikwa na tope na mafuta ya miaka, ambayo haionekani kutoka chini wala kutoka juu na inapatikana kwa kupapasa tu. Au ni boliti ya stata. Au ni kibano kinachounganisha injini na giaboksi ambacho hakuna aliyekitilia maanani. Mtaimbo ukitumika hapo, alumini inapasuka ikiwa bado imefungwa kwa boliti ya chuma, na baadaye tutaambiwa gari lilikuwa limeoza. Halikuwa limeoza. Lilikuwa limefungwa, na mtu hakutaka kuliosha kwanza ili aone anachokifungua.

Klachi iliyokwama inazungumza na anayeisikiliza. Ukishaondoa boliti zote, giaboksi ikiwa imeegemezwa vizuri kwenye jeki, tazama ufa kati yake na injini. Ufa ukifunguka juu na kukataa chini, au upande mmoja na kukataa mwingine, shida iko kwenye pini za kuongozea. Pini ni za chuma, nyumba ni ya alumini, na metali mbili hizo zikikaa pamoja penye unyevu, alumini hulika na kutoa unga mweupe unaoibana pini. Dawa yake ni joto la wastani. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo maji yanayochemka yakimwagwa kuzunguka sehemu ya pini, taratibu na kwa kurudia, yanafanya kazi ambayo mtaimbo hauwezi kuifanya. Nasema maji, sisemi moto wa gesi. Pale pana sili ya mafuta, pana mabaki ya petroli, na ndani yake kuna springi bapa ya presha pleti ambayo ikiunguzwa hupoteza ugumu wake.

Lakini ufa ukifunguka sawasawa pande zote, ukafika kiasi fulani ukagoma, na ukiachia unarudi kama uliovutwa na mpira, pini hazina hatia. Shafti ndiyo imeshikwa na meno ya disiki, au ncha yake imeshikwa na bushi. Hapa ndipo subira inapohitajika, na hapa ndipo wenye nyundo hukasirika. Inua nyuma ya gari kidogo ili mafuta yatiririke kuelekea mbele. Kupitia tundu la uma wa klachi, tia mafuta ya kupenya kwenye shafti, yale ya kopo au mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi za otomatiki na asetoni, mbali kabisa na moto na sigara. Subiri hadi kesho. Zungusha kranki robo, tia tena. Propela ikiwa imeshatoka, weka gia, shika shafti ya nyuma ya giaboksi, uizungushe kidogo kulia, kidogo kushoto, bila kulazimisha. Mzunguko huo mdogo unaisaga kutu ndani ya meno, na mafuta yanapata njia. Siku inayofuata unarudia. Kuna asubuhi utakayohisi mkononi kwamba mchezo umeongezeka, na giaboksi itarudi nyuma kwa mikono ya watu wawili.

Isipotoka hata baada ya hapo, bado hujafika kwenye nyundo. Giaboksi ikishapata nafasi ya kurudi nyuma kidogo, katika baadhi ya magari inawezekana kuzifikia boliti za presha pleti kupitia ufa huo, au kupitia tundu la stata, kwa soketi nyembamba na kiungio kirefu, ukizungusha kranki ili kila boliti ije mbele yako kwa zamu. Legeza kila moja kidogo kidogo, kwa kuruka kutoka upande huu kwenda upande wa pili, kwa sababu springi iko ndani inasukuma. Ukimaliza moja kabla ya nyingine unalipinda kava na boliti ya mwisho inakula uzi wa flaiwili. Zikitoka zote, giaboksi inashuka ikiwa na klachi yake nzima shingoni, na disiki iliyogoma unaishughulikia mezani, penye mwanga, ukiwa umesimama. Ni kazi ya kuchosha vidole na inataka ukae chini ya gari muda mrefu. Haitaki misuli hata kidogo.

Watasema: mafuta hayo yataharibu disiki. Ndiyo, yataiharibu, na si neno. Disiki iliyokaa imebanwa na flaiwili yenye kutu kwa miaka haina maisha tena. Sura yake ya msuguano imenyonya unyevu na kushikana na chuma. Hakuna mtu mwenye akili anayeirudisha garini. Tunachookoa ni shafti, flaiwili, kranki na nyumba ya klachi. Disiki mpya inanunulika au inaweza kuvikwa sura mpya. Mtu anayehofia disiki huku ameshika mtaimbo amekosea kujua kipi kina thamani.

Watasema pia: kuna njia rahisi, washa gari likiwa kwenye gia, kanyaga klachi, liendeshe na upige breki ghafla, disiki itaachia. Njia hiyo ipo na inasaidia gari lililosimama majuma machache, disiki ikiwa imeshika juu juu. Kwa gari lililoganda miaka ni hatari ya wazi. Gari linaondoka bila klachi ya kulikatia mwendo, breki zenyewe zimesimama miaka ileile, na mbele kuna ukuta au kuna watoto. Ikiachia bila ajali, mara nyingi inaacha sura ya disiki imebanduka na kubaki vipande vipande ndani. Fundi anayemshauri mwenye gari afanye hivyo uani kwake lazima awe tayari kuwajibika kwa matokeo yake.

Hoja yao ya tatu ndiyo inayotajwa kwa kujivuna zaidi: mbona mafundi wa Safari Rally walishusha giaboksi kando ya barabara kwa dakika, usiku, kwenye mvua, tena kwa magari hayahaya? Walifanya hivyo, nami nawaheshimu. Lakini magari yao yalifunguliwa mara nyingi kabla ya mashindano, boliti mpya, meno ya shafti yamepakwa grisi, kila fundi anajua kwa giza kila boliti ilipo. Kasi ile ilitayarishwa kwa majuma ya kazi ya polepole ambayo hakuna mpiga picha aliyekwenda kuitazama. Kuchukua dakika za mwisho za kazi yao na kuziita kanuni ya gari ambalo halijafunguliwa kwa miongo ni kuwasingizia.

Na hapa Tabora tuna ushahidi mkubwa kuliko gari lolote. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa tena na kupakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Yakashushwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa Reli ya Kati, ile iliyofika Tabora mwaka 1912, yakapita hapa kuelekea Kigoma. Meli iliunganishwa na kuingia majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka injini grisi nene. Ilipoinuliwa mwaka 1924, baada ya kukaa chini ya ziwa sehemu kubwa ya miaka minane, injini na boila zilikutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ililonalo hadi leo. Wale mafundi walikuwa kwenye vita, adui anakaribia, na bado walipata muda wa kupaka grisi. Nani kati yetu, chini ya mwembe, na kiangazi kizima mbele yake, anaweza kusema hana muda?

Muda ndio kiini cha ugomvi huu. Nikiwabana mafundi faraghani, wengi wanajua kila nilichokiandika hapo juu. Wanajua habari za mafuta, za maji ya moto, za boliti iliyojificha. Wanashika nyundo kwa sababu mwenye gari amepatana nao bei ya kazi nzima, kazi iishe leo, na kesho atapita kuuliza kwa nini gari bado liko juu ya mawe. Siku ya kusubiri mafuta yapenye haina malipo. Fundi ana watoto. Akisubiri siku nne kwa bei ya siku moja, familia yake ndiyo inayolipia subira hiyo. Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na mabwana wanaokaa barazani na kusema mafundi wetu wa mitaani ni waharibifu, gari la maana lipelekwe Dar au Nairobi. Mji huu una chuo cha reli na mafundi waliolelewa karakana za reli. Ujuzi upo. Mwenye gari ndiye aliyeununua uharaka, kisha akamlaumu fundi kwa kumpa alichokinunua.

Wenyeji wa njia ya misafara wasingeshangazwa na hoja yangu. Unyanyembe, nchi ambayo ndani yake mna Kwihara na Tabora, ilikuwa mahali pa kusimama: wapagazi wa pwani walilipwa wakarudi, wengine wakaajiriwa, mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya kabla ya kuelekea Ujiji. Livingstone mwenyewe alibaki Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akisubiri watu kutoka pwani, na hakuondoka mpaka walipofika. Kusubiri kulihesabiwa katika gharama ya safari.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma kuliko Datsun yoyote. Sura za disiki za klachi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto. Ukiipiga klachi kavu kwa nyundo, vumbi lake linajaa ndani ya nyumba ya klachi, na desturi ya gereji zetu ni kulipuliza kwa kompresa, wakati mwingine kijana akiwa amelala chini yake mdomo wazi. Nyuzi za asibesto zikiingia mapafuni hazitoki. Madhara yake, kuanzia kovu la mapafu hadi saratani ya utando wake, huchukua miongo kujitokeza, kwa hiyo hakuna atakayeyahusisha na siku ile ya klachi. Kijana wa miaka kumi na tisa atakohoa akiwa na wajukuu. Njia ya mafuta na subira huiweka klachi ikiwa imelowa, vumbi halipai. Mabaki yanafutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kitambaa kinafungwa kwenye mfuko na kutupwa mbali na watoto. Hata kama mtu angenishawishi kwamba nyundo ni nzuri kwa chuma, kwa hoja hii peke yake ningeikataa.

Kwa mwenye gari la namna hii, Kwihara au kwingineko, naomba mambo matatu. Patana na fundi wako kwa siku, na siku za kusubiri mafuta yapenye zihesabiwe kama siku za kazi. Mnunulie barakoa nzuri, na umkataze yeyote kupuliza vumbi la klachi kwa kompresa uani kwako. Na klachi mpya ikishafungwa, mwambie apake grisi kidogo kwenye meno ya shafti. Gari likisimama tena msimu wa mvua, bana pedali ya klachi chini kwa kipande cha mti ili disiki isilale juu ya flaiwili.